Mfumo wa kuzuia barafu ukigoma angani: kushuka, kupanda, kugeuza au kuendelea?

Taa ya hitilafu ya mfumo wa kuzuia barafu inapowaka wakati ndege imo ndani ya wingu, rubani ana njia nne za kutoka: kushuka, kupanda, kugeuza arudi alikotoka, au kuendelea mbele. Ipo na ya tano, ambayo huchaguliwa bila mtu kukusudia, nayo ni kubaki palepale huku swichi ikizimwa na kuwashwa kwa matumaini kwamba safari hii itakubali. Ulinganisho huu unazihusu hizo nne, lakini nitaanza na ya tano ili tumalizane nayo mapema.

Tarehe 9 Agosti 2024, ndege ya ATR 72 ya shirika la Voepass ilianguka Vinhedo, katika jimbo la São Paulo nchini Brazili, na watu wote 62 waliokuwamo walikufa. Ripoti ya awali ya wachunguzi wa Brazili ilieleza kwamba ndege ilikuwa ikisafiri kwenye futi 17,000, kwamba kinasa sauti kilinasa marubani wakitaja hitilafu ya mfumo wa kuondoa barafu kwenye mabawa, na kwamba mfumo huo uliwashwa na kuzimwa mara kadhaa, huku tahadhari za kupungua kwa mwendo na kudhoofika kwa uwezo wa ndege zikifuatana. Ripoti ya awali si hukumu, wala haikuandikwa ili kutaja chanzo. Hata hivyo mfuatano wa matukio unatosha kutuonyesha jinsi dakika zinavyokwisha wakati macho yameelekezwa kwenye swichi.

Kuzima na kuwasha swichi mara moja tu kuna mahali pake, na orodha za ukaguzi za ndege nyingi zinaruhusu jambo hilo. Tofauti ni kwamba rubani mmoja hufanya jaribio hilo akiwa ameshaomba kimo kingine na pua ya ndege imeshaanza kuinama, na mwingine hulifanya kwanza, akiahirisha kuomba kimo hadi ajue kama mfumo umepona. Wa kwanza hapotezi kitu swichi ikikataa. Wa pili ameongeza barafu juu ya mabawa kwa muda wote aliokuwa akingoja jibu. Mimi ningemchagua wa kwanza katika kila ndege na katika kila hali ya hewa, isipokuwa pale ambapo kitabu cha ndege husika kinaagiza vingine, kwa maana kitabu hicho kina kauli ya mwisho juu ya yote yatakayosemwa hapa.

Kilichogoma ni kipi?

Kabla ya kulinganisha njia za kutoka ni lazima kujua ni sehemu gani iliyopoteza kinga. Watu husema "mfumo wa kuzuia barafu" kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali ndani ya ndege moja kuna mifumo kadhaa isiyotegemeana: mirija ya pito inayopima mwendo ina joto lake, midomo ya injini ina lake, mabawa yana lake, propela zina lake, na kioo cha mbele kina lake. Kila moja ikikosekana huleta hatari ya aina yake, na hatari hizo hazina haraka sawa.

Joto la mirija ya pito ndilo linalodanganya kuliko yote, kwa sababu mrija ulioziba haubadilishi chochote katika ndege yenyewe. Unabadilisha tu kile ambacho rubani anaamini. Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya Northwest iliyokuwa na wafanyakazi watatu tu iliondoka New York bila joto la pito kuwashwa. Mirija ilipoziba wakati wa kupanda, vipimo vilionyesha mwendo unaozidi kuongezeka, marubani wakainua pua ili kuupunguza, na ndege ikapoteza mnyanyuo, yaani nguvu ya mabawa inayoishikilia hewani, na kuanguka. Karibu miaka 35 baadaye, tarehe 1 Juni 2009, Airbus A330 ya Air France iliyokuwa ikivuka Atlantiki ilikutana na fuwele za barafu kwenye futi 35,000. Joto la pito lilikuwa limewashwa na linafanya kazi, ila lilizidiwa. Vipimo vya mwendo viliharibika kwa muda usiofika dakika moja, lakini ndege ilivutwa juu hadi karibu futi 38,000, ikapoteza mnyanyuo, na kuanzia mtambo wa kujiendesha ulipojitoa hadi ndege kugonga bahari zilipita dakika nne na sekunde zisizozidi 30. Walikufa watu 228.

Ikiwa kilichogoma ni pito, basi swali la kushuka au kupanda linasubiri kwanza. Kinachotangulia ni kuweka pua kwenye pembe inayojulikana na injini kwenye nguvu inayojulikana, kisha kuacha kuviamini vipimo vinavyopingana. Kwa Boeing 737 za kizazi cha Next Generation, flapu (vipande vya nyuma ya bawa vinavyotolewa wakati wa kuruka na kutua) zikiwa ndani, namba za kukumbuka ni nyuzi 4 za pua juu na asilimia 75 ya mzunguko wa feni. Kila ndege ina namba zake, na rubani asiyezijua kwa moyo hana kinga ya kweli dhidi ya hitilafu hii. Mwendo juu ya ardhi unaotoka kwenye setilaiti husaidia kugundua uongo mkubwa, ingawa hautoshi kuendeshea ndege, kwa kuwa haujui upepo.

Kinga ya injini inayogoma huleta tatizo la pili. Barafu kwenye mdomo wa injini inaweza kumeguka na kumezwa, ikaharibu mapanga ya feni au kuzima moto unaowaka ndani ya injini, na inaweza pia kuziba kipimo cha nguvu. Tarehe 13 Januari 1982, Boeing 737 ya Air Florida iliondoka Washington katika theluji huku kinga ya injini ikiwa imezimwa. Kipimo cha nguvu, ambacho hulinganisha shinikizo la hewa inayotoka kwenye injini na ile inayoingia, kilisoma 2.04 wakati nguvu halisi ilikuwa karibu 1.70, na ndege ikagonga daraja na kuingia mtoni Potomac. Walikufa watu 78, wanne kati yao wakiwa darajani. Hapo rubani alidhani ana nguvu ambayo hakuwa nayo, sawa na yule wa pito aliyedhani ana mwendo ambao hakuwa nao.

Kuhusu injini kuna upande mwingine unaosahaulika, yaani vali iliyokwama wazi badala ya kukwama imefungwa. Wengi huiona kuwa nafuu kwa sababu joto lipo. Ni nafuu ndani ya wingu, lakini nje yake hewa moto inayochotwa bila kikomo hupunguza nguvu ya injini na inaweza kuharibu vifaa. Mwezi Agosti 2023 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza marubani wa Boeing 737 MAX wasiache kinga ya injini ikiwaka zaidi ya dakika 5 katika hewa kavu, kwa hofu kwamba mdomo wa injini ungepata joto la kupita kiasi na kumeguka vipande. Kwa hiyo hata "kuacha imewashwa kwa usalama" ni chaguo lenye gharama.

Mabawa ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya mjadala, na hapa aina ya kinga inaamua muda ulio nao. Jeti nyingi hupasha ukingo wa mbele wa bawa kwa hewa moto inayochotwa kwenye injini, na Boeing 787 hutumia umeme. Lengo ni kuzuia barafu isishike. Ndege nyingi za propela hutumia mipira iliyobandikwa kwenye ukingo huo, ambayo hujazwa hewa ikatuna na kuipasua barafu iliyokwisha kushika. Nyingine ndogo hutoa umajimaji wa glikoli kupitia vitundu vidogo. Jeti iliyopoteza joto la bawa kwa kawaida ina mwendo mkubwa na nguvu ya ziada, hivyo hupita kwenye tabaka la barafu kwa dakika chache. Ndege ya propela iliyopoteza mipira yake husafiri kwenye kimo kilekile ambacho barafu hupenda, tena kwa nguvu ndogo, na ndiyo yenye saa fupi zaidi. Ile ya glikoli haigomi ghafla mara nyingi kama inavyoishiwa, na tangi lake lina kikomo kinachohesabika kabla ya kuondoka.

Kuna imani moja ya zamani kuhusu mipira ambayo inafaa kuzikwa. Marubani walifundishwa kusubiri barafu ifike unene wa milimita 6 hadi 13 ndipo waiwashe, kwa hofu kwamba mpira ungetuna mapema na kuacha juu yake ganda la barafu ambalo haliwezi tena kupasuliwa. Tarehe 9 Januari 1997, ndege ya EMB-120 ya Comair ilianguka karibu na Monroe, Michigan, ikiua watu 29, na uchunguzi uliona kwamba barafu nyembamba yenye uso wa kukwaruza ilitosha kuharibu mnyanyuo. Mwongozo wa siku hizi kwa ndege nyingi ni kuwasha mara barafu inapoanza. Tukilinganisha, kusubiri kunaokoa hofu ya jambo ambalo halijaonekana katika mipira ya kisasa, na kunagharimu mnyanyuo uliopotea kweli.

Imeharibika, au imezidiwa?

Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mfumo ulioharibika hutoa taa. Mfumo uliozidiwa hautoi chochote, kwa kuwa kwa upande wake kila kitu kiko sawa. Tarehe 31 Oktoba 1994, ATR 72 ya American Eagle ilikuwa ikizunguka kusubiri zamu ya kutua kwenye futi 10,000 karibu na Roselawn, Indiana, mipira ikifanya kazi yake. Matone makubwa yaliyopoa chini ya kiwango cha kuganda yalipita ukingo uliokingwa na kuganda nyuma yake, yakajenga tuta mbele ya vibawa vya kulaza ndege. Flapu zilipoingizwa, bawa likabadilisha pembe, kibawa kikavutwa chenyewe, na ndege ikabinuka. Watu wote 68 walikufa. Baadaye mipira ya aina hiyo ya ndege iliongezwa upana.

Anayelinganisha dalili anapaswa basi kutazama kwa macho yake, asingoje taa: barafu inayoonekana nyuma ya mpira, au inayotanda kwenye dirisha la pembeni lisilo na joto, ina maana kwamba kinga haitoshi hata ikiwa nzima. Katika hali hiyo taratibu za ATR zinaagiza kuongeza noti 10 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa) juu ya mwendo wa chini kabisa uliowekwa kwa hali ya barafu, kuweka nguvu ya juu inayoruhusiwa mfululizo, kushika usukani kwa nguvu, kutoa mtambo wa kujiendesha, na kutoka. Hakuna taratibu za kubaki.

Njia nne za kutoka

Kushuka ndilo chaguo la kwanza la wengi, na kwa haki. Hewa huongezeka joto kwa takriban nyuzi 2 za Selsiasi kwa kila futi 1,000 unazoshuka, hivyo ndege iliyo kwenye nyuzi 8 chini ya sifuri inahitaji karibu futi 5,000 kufika nyuzi 2 juu yake. Kushuka pia hakuombi nguvu kutoka kwa ndege iliyolemewa. Mvutano wa dunia unalipa gharama ya mwendo. Katika ukanda wa joto, ambako kiwango cha kuganda mara nyingi kiko karibu futi 16,000, ndege ya propela inaweza kuoga hewa vuguvugu baada ya kushuka futi elfu chache tu. Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza ni milima: kimo salama cha chini kikiwa juu ya kiwango cha kuganda, mlango wa chini umefungwa. Ya pili ni mvua inayoganda, ambamo hewa vuguvugu iko juu na hewa ya kuganda iko chini, na anayeshuka anazidi kujitumbukiza.

Kupanda ndilo jibu la mvua hiyo, na ndilo jibu la jeti yenye nguvu iliyopoteza joto la bawa ikiwa chini. Barafu katika mawingu ya tabaka aghalabu hukaa ndani ya unene wa futi 3,000 hivi, na juu ya wingu kuna jua. Aidha kadiri hewa inavyopoa kupita nyuzi 20 chini ya sifuri matone ya maji hupungua, na kufikia 40 chini ya sifuri hayapo tena katika hali ya majimaji. Ila kupanda ni chaguo linalooza haraka. Ndege yenye barafu hupanda polepole, pua yake hukaa juu, na upande wa chini wa bawa, ambao hauna kinga, huanza nao kukusanya. Rubani wa propela aliyekaa dakika kumi akitafakari ameshapoteza njia hii. Aliyeamua katika dakika ya kwanza bado anayo. Nikiona kasi ya kupanda inashuka chini ya futi 500 kwa dakika bila kuona mwanga wa juu ya wingu, ningeiacha na kutafuta nyingine.

Kugeuza kuna sifa moja isiyo na mshindani: unajua kilichopo unakokwenda, kwa kuwa umetoka huko. Linafaa zaidi kwa aliyeingia kwenye wingu muda mfupi uliopita. Aliyeingia nusu saa iliyopita, kurudi kwake ni nusu saa nyingine ya barafu. Mzunguko wenyewe uwe wa upole. Kulaza ndege nyuzi 30 huongeza mwendo wa kupoteza mnyanyuo kwa asilimia 7 hivi, ilhali nyuzi 15 huongeza chini ya asilimia 2. Kwa noti 200 mzunguko wa nyuzi 15 huchukua karibu dakika mbili kugeuza ndege kinyume, na dakika hizo ni bei nafuu.

Kuendelea mbele sina mengi ya kulitetea. Linafaa pale tu mwisho wa wingu unapojulikana kwa hakika, kwa kuuona au kwa kuambiwa na ndege iliyotangulia dakika chache, na ikiwa mwendo haushuki. Vinginevyo ni ile njia ya tano iliyovaa nguo nyingine.

Njia yoyote kati ya hizi inamhitaji mwongoza ndege, na hapa kuna ulinganisho mdogo wa maneno. Kusema "tungependa kushuka tukiweza" humweka rubani kwenye foleni. Kutamka "pan-pan", wito wa redio wa jambo la haraka, mara tatu na kueleza kwamba kinga ya barafu imegoma humtoa kwenye foleni mara moja. Anayeshindwa kushikilia kimo chake asitumie hilo tena, atumie "mayday", wito wa hatari kubwa.

Mkono au mtambo, bawa au mkia

Mtambo wa kujiendesha hupunguza kazi, na katika hitilafu kazi ni nyingi, kwa hiyo hoja ya kuuacha ukifanya kazi si ya kipuuzi. Lakini mtambo huo hufidia barafu kimyakimya hadi unapofika mwisho wa uwezo wake, halafu hujitoa na kumkabidhi rubani ndege iliyokwisha kuelemea upande mmoja. Hilo lilitokea Roselawn na Monroe. Kwa jeti yenye taa tu bila barafu inayoonekana, ningeuacha. Kwa ndege ya propela yenye mpira uliogoma upande mmoja, ambako bawa moja linasafishwa na jingine halisafishwi, ningeutoa na kuihisi ndege mikononi.

Jambo gumu zaidi ni kutofautisha bawa lililopoteza mnyanyuo na mkia uliopoteza wa kwake, kwa kuwa tiba zake zinapingana. Bawa likichoka, ndege hutikisika, mabawa hulegea kuitika, na tiba ni kushusha pua na kuongeza nguvu. Mkia ukichoka, kwa kawaida mara baada ya flapu kutolewa, usukani hupwita na kuvutwa mbele wenyewe, na tiba ni kuvuta nyuma na kurudisha flapu zilipokuwa. Anayekosea tiba anaongeza ugonjwa. Ndege nyingi za abiria za kisasa hazina udhaifu huo wa mkia, hivyo asiyeambiwa na kitabu chake kwamba ndege yake inao anapaswa kuchukulia kuwa ni bawa. Asitegemee pia usukani unaotikisika kumwonya, kwa sababu bawa lenye barafu huweza kupoteza mnyanyuo kabla onyo halijafika.

Kutua na barafu iliyobaki

Kutoka kwenye wingu hakuondoi barafu iliyokwisha kushika, hasa kama hewa ya chini nayo iko chini ya sifuri. Uchaguzi wa kiwanja unabadilika: njia fupi ya kutulia iliyo karibu hushindwa na njia ndefu iliyo mbele kidogo, mradi safari ya kuifikia iko nje ya barafu, kwa maana ndege itakuja kwa mwendo wa juu kuliko kawaida na itahitaji nafasi ya kusimama. Nyongeza hiyo ya mwendo huwa noti 10 hadi 20 katika ndege nyingi, na kitabu hutaja pia kiasi cha kuongeza kwenye urefu wa kutua.

Flapu zitolewe hatua kwa hatua, ndege ikiwa bado juu ya ardhi kwa kimo cha kutosha kuzirudisha. Ndege ikitikisika katika hatua fulani, rudi hatua moja na utue hivyo. Flapu chache na mwendo mkubwa humgharimu rubani mita za njia. Flapu zote juu ya mkia wenye barafu humgharimu usukani kwenye futi 500, mahali ambapo hakuna pa kushukia. Nguvu za injini zisikatwe mapema kama alivyozoea siku ya jua: zibaki mpaka magurudumu yaguse, kwa kuwa bawa lenye barafu hukoma kubeba ghafla mwendo unapopungua, nayo ndege hudondoka kutoka kimo cha mita chache badala ya kuketi.